Jeranium ya Mwenyekiti

Tangu nitoke kwa jirani hapa Gatongora, mkoba wangu unanuka jeranium, na harufu hiyo imenirudisha kwetu Landless, Thika.

Mama alinichapa kwa kulamba sukari, lakini maua yeye aliiba. Ua la kupewa halishiki mizizi, alisema. Linaloshika ni la kuiba. Kwa hivyo tulipomtembelea mwenyekiti wa akina mama kanisani, Mama alivunja tawi la jeranium yake nyekundu akalificha ndani ya sweta yangu. Nilikunywa chai ya watu nikinuka kama sabuni.

Miezi kadhaa baadaye, mwenyekiti akaja kwetu. Jeranium ilikuwa imejaa mkebe wa mafuta pale mlangoni. Akasimama mbele yake.

"Yangu ya rangi hii ilikauka," akasema. "Hii ulitoa wapi?"

Mama akanitazama kwa lile jicho.

"Ngoja nikukatie kidogo," akasema haraka, akitafuta kisu.

"Aai, mami, usinikatie! Unataka ikauke tena? Wewe enda uweke chai."

Mama akanivuta mkono tukaingia ndani, akafunga mlango, ili mgeni wetu aibe kwa raha zake.