Kumfuata Ambakisye hadi Lupepo

Niliondoka Dar es Salaam kwa hasira, na sijuti. Muuza kanda mmoja wa Kariakoo aliniambia, bila hata kuinua macho, kwamba Ambakisye amekwisha, hana sauti tena. Ambakisye huyu aliyekuwa akiimba bluzi za Wamarekani weusi kwa Kiswahili mpaka watu wakasahau bia zao mezani. Mimi ndiye niliyempigia saksafoni miaka yote ile. Shirika lililotuajiri lilipopata mwekezaji, vyombo vyetu viliuzwa pamoja na meza na mafeni, nasi tukaambiwa kila mtu ajitegemee, enzi zenyewe ni za ruksa. Yeye akarudi kwao Rungwe. Basi nikaazima kinasa sauti, nikaapa nitarudi na sauti yake nimzibe muuza kanda mdomo.

Njia nzima hadi Mbeya kondakta alipiga disko la kigeni. Nilimwomba abadilishe.

"Abiria wanataka vitu vya kisasa, mzee," akasema.

Abiria wenyewe walikuwa wamelala.

Tukuyu niliingia asubuhi, mvua ikinyesha ile isiyo na haraka. Pale Msasani, mtaa wa Tukuyu wenye jina kama la kule Dar, nikajikinga kwenye kibaraza cha fundi cherehani, mtu ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Nikamuuliza kama anamfahamu Ambakisye.

"Yule wa misibani? Nilikwenda kumzika rafiki yangu kule kijiji cha Kisiba, nikamsikia. Nililia, na Kinyakyusa chenyewe sikijui vizuri."

Alidhani amemsifu. Mimi nilitamani kutukana. Sauti ile imeishia kubembeleza wafiwa, na waliotufikisha hapo wanakula kuku.

Lupepo, kijijini kwa Ambakisye, nilifika kwa miguu, matope hadi magotini. Nilimkuta akipunguza migomba, amevaa koti la mtumba la kike, meno ya mbele hana.

"Ugonile," nikamsalimu.

"Ndaga. Kinyakyusa chako bado kibovu," akasema, akanikumbatia.

Mkewe, Mama Tusajigwe, alitupikia ndizi na maharage. Tulipomaliza kula nikaweka kinasa sauti mezani, nikamweleza maneno ya muuza kanda.

"Sasa niimbe nini?"

"Hizo unazoimba misibani."

"Hizo haziimbwi bila maiti, ndugu yangu. Ukiziimba bure, unaita kifo."

"Basi imba zetu za zamani."

"Zile niliapa sizigusi. Na koo hili siku hizi linajua kulia tu."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilipiga meza, sahani zikaruka. Nikamwambia bendi imekufa, imekufa na hakuna aliyetuzika, tumetupwa kama maganda, halafu yeye ananiambia hapa hakuna maiti.

Ambakisye akamwambia mkewe kwa upole atoe viti nje, atandike majani ya migomba. Mama Tusajigwe hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni, akapiga yowe la msiba.

Majirani walikuja mbio, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wakiuliza nani amefariki.

"Bendi ya mume wangu," akawajibu. "Mgeni huyu ndiye aliyeleta taarifa."

Nilijua watatucheka. Lakini mzee mmoja alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, baba."

Dar es Salaam nzima hakuna aliyewahi kunipa pole hiyo. Ambakisye akaanza ule wimbo wetu wa kufungia dansi, akauburuza polepole kwa sauti iliyokwaruza, wanawake wakampokea kwa kilio. Mimi nilishika kinasa sauti tu, maana saksafoni yangu iliuzwa pamoja na mafeni.

Niliporudi Kariakoo nilikwenda moja kwa moja kwa muuza kanda. Alisikiliza hadi mwisho, na safari hii macho aliinua.

"Sauti anayo," akasema. "Ila tufute hizi kelele za wanawake, tuweke kinanda. Itauza."

Nikachomoa kanda yangu. Nilikuwa nimemwendea Ambakisye ili kumkomoa mtu huyu, na kumbe hakuwa na thamani ya nauli. Kilichonikaba miaka yote ile ni kilio ambacho sikukilia.

Jumapili nikawaita nyumbani wenzetu wa bendi waliobaki, nikaanza kutoa viti nje. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia bendi yetu imekufa. Alijifunga kanga, akatandika mikeka, akaketi nasi chini.