Mkwaruzo wa Spika ya Kushoto

Fundi redio alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wenzake waliicheka: kila waya aliupiga kwanza fundo dogo, ndipo akautia lehemu. Wakamwita Mzee wa Mafundo. Hakujali. Alisema lehemu inaweza kukudanganya, fundo halidanganyi.

Siku hiyo mezani kwake palikuwa na amplifaya ya zamani, ya taa za kioo badala ya transista, nzito kama ndoo mbili za mchanga. Ilikuwa ya marehemu kaka yake. Mjane wa kaka ndiye aliyeileta, kwenye toroli, kaifunika shuka. Alitaka aisikie tena kila Jumapili asubuhi kama zamani. Akaeleza ugonjwa wa amplifaya: inaimba vizuri robo saa, halafu spika ya kushoto inaanza kukwaruza, mara inaacha yenyewe.

"Inakohoa kama mkwe anayesubiri kupewa kiti," alisema, wakacheka.

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kosa ni lake. Miaka tisa iliyopita aliifuta vumbi kwa kitambaa kilicholowa, na wiki ileile ikaanza kukwaruza. Tangu hapo mumewe hakumruhusu kuigusa. Hakumfokea. Alikuwa akimwondoa mkono tu, taratibu, kama anavyoondolewa mtoto.

Fundi aliiwasha, akangoja taa zipate moto. Mkwaruzo ukaja. Akazima, akahamisha taa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Mkwaruzo ukabaki kushoto. Basi taa hazina kosa. Akasugua miguu ya taa na matundu yake, wapi. Mwisho akaipindua tumbo juu, akaiwasha, akaanza kugonga kiungo kimoja kimoja kwa kijiti kikavu. Alipofika kwenye waya mmoja, spika ikafanya kraa. Akagonga tena. Kraa.

Akazima, akaacha umeme uliobaki ndani uishe, akainama na kioo cha kukuzia. Lehemu ilikuwa ya kijivu, imepasuka kuuzunguka waya. Chini yake palikuwa na fundo dogo.

Masikio yakamwaka moto. Akakumbuka: miaka tisa iliyopita kaka alikuja kubadilishiwa kipuri, na yeye alikuwa na haraka ya kuwahi mpira. Chuma cha kulehemu hakikuwa kimepata moto sawasawa; akaona fundo linatosha. Kaka aliporudi kulalamika, hata kifuniko hakukifungua. Alimuuliza tu, "Nani kaigusa?"

Kaka akaenda nalo nyumbani swali hilo.

Shemeji yake alikuwa nyuma, kwenye benchi, anakunja shuka. Tone moja la lehemu lingemaliza kila kitu, na hakuna ambaye angejua. Fundi akachoma chuma mpaka kikatoa moshi. Akakiweka chini.

"Shemeji, njoo uone. Si maji. Ni mkono wangu huu."

Akamwonyesha, akamweleza yote, hata mpira. Mwanamke akashika kioo, akatazama muda mrefu.

"Naye kafa anajua ni mimi," alisema.

Fundi akaitoa lehemu ya zamani, akatia mpya, safari hii taratibu. Alipoinua kichwa kuomba radhi, shemeji alikuwa amechukua kitambaa cha pale mezani, amekichovya kwenye ndoo ya maji, amekikamua. Akaanza kufuta kifuniko cha amplifaya, kona kwa kona, na hakumtazama.