Shangazi Moja Tu na Betri Zake

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mpiga picha, na mtaa mzima unamwita Moja Tu. Jina hilo kalipata kwa mdomo wake mwenyewe. Ukisimama mbele ya kamera yake atakuweka kola sawa, atakuinua kidevu kwa kidole kimoja, atarudi nyuma hatua tatu, kisha atasema, "Haya, moja tu!" Kachaa. Amemaliza. Ukimwomba arudie anakutazama kama umemwomba figo.

"Wengine wanapiga ishirini ndipo wachague moja," huwa anasema. "Mimi nachagua kwanza, halafu napiga. Betri yangu si bomba la maji."

Kamera yenyewe aliinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu. Umri wa kamera hiyo unakaribia wangu, na kifuniko cha betri kimeshikwa na utepe mweusi. Betri za aina ile hazitengenezwi tena. Shangazi anazo tatu tu, na anazilea kama vifaranga.

Nilipohamia kwake ili niwe karibu na shule, kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa kitanda changu. Ilikuwa rafu ya betri. Nikapewa na masharti palepale, begi langu likiwa bado mgongoni. Kioo cha nyuma ya kamera hakiwashwi, unachungulia kwenye kitundu cha juu. Flashi ni mpaka giza likushinde kabisa. Lenzi haichezewi, kuivuta na kuirudisha, maana kila ikitembea inakula. Na picha ukishaipiga huanzi kuifungua na kuichekelea, utaiona kwenye kompyuta.

"Na nikitaka kujua kama imetoka vizuri?"

"Si ulikuwepo ukiipiga?"

Sharti moja hakuniambia, kwa kuwa aliliona liko wazi kama mlango: betri iliyojaa huvalishwa rababendi, iliyoisha hukaa bila. Mimi nikadhani rababendi ni za kuzuia betri zisiteleze rafuni.

Wiki ya pili tangu nihamie, umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi Ijumaa jioni shangazi alikuwa ametoka kuwapelekea wateja picha zao, nami nikaamua kufanya usafi. Nikazikuta betri zote tatu ziko uchi. Nikazionea huruma. Nikachukua rababendi kwenye kikopo chake, nikazivalisha moja moja, nikazipanga kama wanafunzi mstarini. Shangazi aliporudi akasimama mbele ya rafu, mkono kifuani.

"Zote tatu! Mtoto huyu ana akili, jamani." Akanibusu kwenye paji la uso. Nilivimba kichwa hadi naenda kulala, ingawa nilishangaa kidogo kuona usafi unasifiwa kiasi kile.

Kesho yake ilikuwa mahafali ya chuo cha ushonaji. Wahitimu thelathini na sita, na kila mmoja apigwe picha akipokea cheti. Picha zile zingekuzwa na kutundikwa ukutani chuoni. Mwaka uliotangulia mpiga picha mwingine aliwakosa watu wanne, na hadi leo ukuta una nafasi nne tupu. Mkuu wa chuo alimwambia shangazi waziwazi, "Mwaka huu asikosekane hata mmoja. Akikosekana, tusijuane." Shangazi naye akaahidi mbele za watu. Simu zilikuwa tele ukumbini, lakini mle ndani mlikuwa na kiza, na picha za simu zikikuzwa zingetoka kama zimepigwa ndani ya uji.

Mimi nilipewa orodha ya wahitimu na kalamu ya kuweka alama. Alipofika wa tisa, kamera ikalia mlio mwembamba na kuzimika. Shangazi akatoa betri, akaweka ya pili. Ikaonyesha alama nyekundu tangu mwanzo. Akaweka ya tatu. Nayo nyekundu.

Akaniinamia. "Mwanangu, hizi ulizichaji saa ngapi?"

"Kuchaji? Mimi?"

"Rababendi nani kaziweka?"

"Mimi. Zilikuwa uchi, shangazi."

Nilitamani sakafu inimeze. Chaja ilikuwa nyumbani, mwendo wa saa nzima. Shangazi akanitazama, akazitazama betri, kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka hadi anajifuta machozi kwa kamba ya kamera.

"Umezivalisha nguo!" akasema. "Haya. Makombo nayo ni chakula. Tukayale taratibu."

Akaenda moja kwa moja hadi jukwaani.

"Mkuu, naomba meza ya vyeti ihamie mlangoni."

"Mlangoni? Tuwagawie vyeti mlangoni kama tiketi?"

"Flashi inanimaliza, Mkuu. Pale mlangoni kuna jua, na jua halihitaji chaji."

Watu wakaangua kicheko. Vijana wawili wakaibeba meza, Mkuu akaifuata akiwa ameshikilia joho lake lisikanyagwe, na ukumbi mzima ukageuza viti kwa kishindo. Shangazi akapaza sauti: "Wapendwa, ni moja tu! Ukipepesa macho, umejipepesea mwenyewe!"

Hujawahi kuona watu wakipokea vyeti namna ile. Walikuja wamekaza shingo, macho yametoka, wamebana pumzi. Wenzao waliokaa wakawa wanahesabu pamoja, "Moja... tu!" Kachaa. Baada ya kila picha shangazi alizima kamera, akaiwasha tu mkono wa mhitimu ulipogusa cheti. Betri ikikata anaitoa, anaiweka mfukoni ipumzike, anatia nyingine. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Thelathini. Nami naweka alama orodhani. Thelathini na tano.

Akabaki mmoja, mama anayeitwa Mama Mkasi. Alifagia madarasa ya chuo kile miaka tisa, akijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya wanafunzi, mpaka mwaka jana alipoacha ufagio na kujiandikisha. Joho alilovaa alilishona mwenyewe. Watoto wake walijaza safu nzima ya mbele.

Akafika mezani, akanyoosha mkono. Shangazi akawasha kamera. Kimya. Akabadilisha betri. Kimya. Ya tatu nayo, kimya.

Mama Mkasi akasubiri, mkono bado hewani. "Kuna tatizo, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Simama hapohapo." Shangazi akazifunga betri zote tatu kwenye viganja, akazipulizia, kisha akazitumbukiza kwapani. Jumatatu nilimuuliza mwalimu wa fizikia, akaniambia joto huamsha dawa iliyomo ndani ya betri, na mapumziko huirudishia nguvu kidogo, ila kidogo kweli. Shangazi hakusoma fizikia popote. Alininong'oneza tu, "Nenda kamwambie Mkuu atoe hotuba."

"Hotuba si ni ya mwisho?"

"Sasa hivi. Na asiikatishe."

Mkuu yule anajulikana kwa hotuba. Siku zote watu huomba afupishe. Nilipompelekea ujumbe uso wake ulichanua kama aliyeshinda bahati nasibu. Akashika cheti cha Mama Mkasi kwa mkono mmoja, akaanzia kwenye sindano ya kwanza duniani. Akapita kwenye uzi. Akaingia kwenye vifungo. Dakika kumi na tano baadaye akasema, "Na kwa hayo machache..."

"Endelea, Mkuu!" shangazi akapiga kelele, mikono kwapani. "Patamu hapo!"

"Zipu bado!" akadakia mtu nyuma. "Hujatuambia habari za zipu!"

Akaendelea. Hapo Mama Mkasi, ambaye muda wote alisimama wima kama nguzo, uvumilivu ukamwishia, akaanza kucheka. Shangazi akachomoa betri moja, akaitia kwenye kamera, akainua. "Mkuu, mpe!" Kachaa.

Kitaa cha kamera kikazimika palepale.

"Imeingia?" nikauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Nimesikia kachaa, basi."

Tulitoka pale moja kwa moja hadi duka la kusafishia picha. Mama Mkasi akatufuata na joho lake, watoto nyuma, akisema halali usingizi bila kujua. Mwenye duka akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta. Picha zikaanza kufunguka moja moja, shingo zilizokazwa, macho yaliyotoka, nami nikihesabu kwa sauti. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Kompyuta ikasimama kufikiri. Shangazi akanishika mkono hadi vidole vikaniuma.

Ya thelathini na sita ikafunguka. Jua la mlangoni limemwangukia Mama Mkasi kwenye shavu, kichwa amekirusha nyuma, meno yote nje na pengo lake, cheti kiko mkononi. Watu thelathini na tano walitoka kama walinzi wa benki. Yeye peke yake alitoka anacheka.

Shangazi alipiga vigelegele, akanikumbatia, akaanza kucheza katikati ya duka, mwenye duka akimpigia meza. Mama Mkasi akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Mimi nimependeza," akasema taratibu. "Ila Mkuu katoka mdomo wazi. Atakubali itundikwe?"

"Mama," shangazi akajibu huku akihema, "wewe umewahi kumwona ameufunga?"