Mkono Uliochora Kilima cha Bihambwe

Ndugu yangu, nilikuwa namenya viazi hapa Goma baba mdogo aliponipigia simu, sauti imejaa furaha. Parokia ilikuwa inaandaa maonyesho ya kazi za mapadri wa zamani, naye alikuwa amekwisha kuwaahidi mchoro wetu, ule niliorithi kwa Koko, mama yake, bibi yangu mimi.

"Ulete Jumapili, siku ya Mungu, mbele ya misa," akasema. "Wataandika chini: kazi ya padri, zawadi kwa familia yetu."

Kama ungeuona mchoro wenyewe! Kilima cha Bihambwe chenye udongo mwekundu, ng'ombe wamesambaa ubavuni, nyumba ya babu, na anga ya buluu kali ambayo sijaiona mahali pengine. Umechorwa juu ya kitambaa kinene, kigumu, cha rangi ya kahawa. Tangu utoto tuliambiwa kwamba padri ndiye aliyempa babu. Lakini siku ile swali lilinitoka kabla sijalipima.

"Papa mudogo, nani alimuona huyo padri akichora?"

Akacheka. "Sasa ni nani mwingine? Mama? Mama alikuwa mutu wa pori, hata jina yake hakujua kuandika. Angetoa wapi rangi?"

Nilikata simu. Hasira ilinipanda, na nyuma ya hasira ukaja utoto wangu mzima.

Sijui kama umewahi kuamka Bihambwe. Ukungu ulikuwa unalala mlangoni kama mbwa, na ng'ombe ulikuwa unawasikia kabla hujawaona. Jikoni kwa Koko maharagwe yalichemka tangu alfajiri, na viazi tulivila na maziwa ya mgando, mvuke ukitupanda usoni. Koko alizaliwa Walikale, kule msituni, akaolewa huku kwenye vilima. Mpaka uzeeni wakwe zake walimwita mutu wa pori, naye alipita katikati yao kichwa juu, mgongo umenyooka kama mchi.

Na kazi alizotutuma! Wenzetu walitumwa maji na kuni. Sisi tulitumwa pia udongo mweupe wa kijitoni. Tulikwangua masizi chini ya vyungu, na ole wako uyamwage. Tulitwanga magome na vipande vya mti mwekundu ambavyo jamaa zake walimletea kutoka Walikale, mpaka mikono yetu ikaonekana kama imechinja mbuzi. Dukani tulimnunulia buluu ya kufulia, ile ya kung'arisha mashuka meupe, na nyumbani kwetu hapakuwa na shuka jeupe hata moja. Mayai ya kuku wake hatukuyaonja. Ukiuliza, alikujibu, "Ni dawa," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mchoro aliuficha darini, juu ya moshi, akautundika sebuleni kila Noeli. Mwaka mmoja nilimwambia kwamba ng'ombe wameongezeka. Mama yangu alinigombeza kwamba nasema uongo. Koko alinivuta pembeni, akanong'ona, "Ng'ombe inazalaka, mutoto. Hata ya ndani ya picha." Nilicheka, nikaenda kucheza.

Basi baada ya ile simu niliushusha mchoro ukutani. Nilichukua pamba, nikailowesha, nikagusa pembe ya anga polepole. Pamba ikageuka buluu. Niliinusa, nikahisi harufu ya siku za kufua. Nikagusa kilima chekundu: hakikutoka kitu, rangi imeshika kama ngozi. Kitambaa nilikigeuza, nikapapasa nyuzi zake. Hazikuwa zimefumwa na mtu. Zilikuwa nyuzi za gome la mti, lililopondwa likalainika kuwa nguo. Lakini vitu hivyo padri pia angeweza kuvipata. Nilihitaji mtu aliyeona.

Aliyebaki alikuwa mmoja tu, mdogo wake Koko, ambaye siku hizi anaishi Kirotshe kwa mjukuu wake. Nilipanda taksi-basi, nikapita Mubambiro na Sake, na askari walipouliza ninabeba nini nikawaambia, "Koko yangu." Walinitazama, wakanipisha.

Koko mdogo alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani, ziwa likimeta nyuma yake. Nilikunjua mchoro mapajani mwake. Aliugusa kwa kiganja chote, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Hii gome ni baba yetu aliipondaka," akasema. "Walimupa yaaya, mukubwa wangu, siku anaenda kuolewa. Ilikuwa ya kuvaa. Yeye akaichora."

"Na hii nyekundu, Koko?"

"Ngula. Unga ya muti ya kwetu. Alikoroga na yai ili ishike. Sisi tulijipakaka kwa mwili, siku za furaha na siku za mila." Akainamisha kichwa. "Njo ile walichukia. Picha ya kwanza aliichora kwa kitambaa ingine. Wakwe wakasema ameleta mashetani ya pori mu nyumba ya Wakristo. Waliichoma mu moto ya jikoni, yeye anaona."

"Na hii?"

"Hii, babu yako aliwaambia ni padri amemupa. Wakaogopa kuichoma. Wakaipigia magoti."

"Koko alikubali?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Kukubali? Alimununia babu yako siku mingi! Akamuambia: macho yangu haikuombaka ruhusa kwa mutu, na mikono yangu haitaomba. Alafu akaendelea kuchora, kila mwaka kidogo, mbele ya macho yao, na hakuna hata mumoja aliona."

Nililia pale Kirotshe, na sikuona haya.

Siku ya Mungu niliupeleka mchoro. Niliutundika mwenyewe ukumbini, na chini yake karatasi niliyoandika jina la Koko, na baada ya jina: binti wa Walikale, mke wa Bihambwe. Baba mdogo alifika akiwa amevaa koti lake zuri. Alisoma, akaibandua karatasi, akaikunja mfukoni.

"Papa, ni mama yako," nikamwambia. "Rudisha jina yake."

"Weye haukuitwaka mutoto wa mutu wa pori kule masomo," akasema kwa sauti ya chini. "Miye niliitwaka. Leo batu wote wako hapa. Uniachie hii siku moja."

Nilimhurumia, ndugu yangu, sikudanganyi. Lakini huruma ni kitu kimoja na jina la mtu ni kingine. Mbele ya wanakwaya, makatekista na wageni waliokuwa wanaanza kuingia, niliutungua mchoro, nikaukunja kama mkeka, nikatoka nao. Nyuma yangu ukuta ulibaki na msumari. Baba mdogo hanisemeshi mpaka leo. Nitamsubiri, lakini sitamfuata na uongo mkononi ili anisamehe.

Sasa mchoro unaning'inia katika chumba hiki ninachopanga. Ile nyumba ya babu iliungua katika vita. Ng'ombe wetu waliliwa na watu ambao hawakujua hata majina yao. Jiko lilipokuwa, nasikia majani yamefika kiunoni, na kaburi la Koko hakuna anayelipalilia. Watoto wangu Bihambwe hawaijui. Wanaijua kwa ukuta huu tu, na kila mmoja nimemfundisha jina la aliyeichora kabla hajaanza masomo.

Vita vimetunyang'anya kilima, na sikuweza kuvizuia. Mkono uliokichora hatutanyang'anywa, hata anayetaka kuuchukua akiwa ndugu wa damu aliyevaa koti la misa.