Herufi Iliyokosekana Kitabuni

Jirani yangu wa hapa ughaibuni, Grand Prairie, Mkongo anayepanga maboksi ghalani, akirudi kazini hunawa mikono hadi viwikoni, kisha hufungua kitabu cha Kifaransa kilichochapwa zamani kwa herufi za madini ya risasi. Anazichora upya kwenye kompyuta, moja moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, ili zipate kuchapika tena. Zote amezipata humo, isipokuwa K.

"Bafaransa habana kazi na K, jirani. Lakini sisi tutasema nini bila K?"

Akaibuni mwenyewe, akaifuta, akaibuni tena, miezi mitatu. Jumamosi aliniita, akachapa neno la kwanza la kujaribia: *Nakukumbuka*.

"Kwa nini hilo?"

Akaipapasa karatasi. "Iko na K tatu. Na mama ya watoto bado iko kwetu Uvira."