Wiki Aliyokaa Kwetu Milica

Sisi tuliokulia Small Heath, hapa Birmingham, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili tulikuwa na raha zetu, asikudanganye mtu. Simu ilikuwa moja tu, imeng'ang'ania ukutani sebuleni, na ukitaka kupiga Unguja unakwaruza kadi kwa ukucha kisha unabonyeza namba ndefu mpaka kidole kinauma. Tukitoka skuli tunapitia nyumbani kuvua sare, tunapewa chai ya maziwa na kipande cha mkate wa kumimina, halafu mbio chuoni kwa mwalimu kusoma Kurani, mabuibui yanaburuzika kwenye madimbwi ya Coventry Road. Jioni tunacheza nage katikati ya magari yaliyoegeshwa, na mpira ukigonga kioo cha mtu, kila mmoja anakuwa hamjui mwenzake. Wanangu mimi, leo nikiwaambia tokeni nje mkacheze, wananitazama kama nimewafukuza nyumbani.

Mama akitusemesha Kiswahili, sisi tunamjibu Kiingereza. Akituchamba: "Mimi sikukuzaeni kwa Kiingereza!" Tunacheka, tunaendelea na Kiingereza chetu. Najuta, wallahi. Sauti yake ya miaka ile ningeweza kuijibu vizuri zaidi.

Lakini katika utoto wangu wote, wiki ninayoipenda kuliko zote ni ile aliyokaa kwetu Milica. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye klabu moja ya tenisi upande wa Edgbaston, na kila kiangazi kikianza wanawake kutoka nchi mbalimbali walikuja pale kushindana. Siyo wale wakubwa mnaowaona kwenye televisheni. Hawa walikuwa wa ngazi ya chini, wanaobeba mabegi yao wenyewe na kufua nguo zao kwenye sinki. Hawakulala hotelini, klabu iliwatafutia wenyeji wa kukaa nao, huyu kwa familia hii, yule kwa familia ile. Mwaka huo familia moja ikajitoa dakika za mwisho, na Mama akamkuta msichana mmoja mrefu kakalia begi lake nje ya mlango wa jiko, macho mekundu.

"Mtoto wa watu hana pa kulala, na mimi kitanda ninacho," ndivyo alivyomwambia Baba walipoingia. Hakumwomba ruhusa, alimwarifu. Baba alikuwa dereva wa basi, mtu wa maneno machache. Akasema karibu, akachukua mto wake akahamia kwenye kochi. Mama akaja kulala kwangu, na blanketi lote akalichukua yeye.

Milica alikuwa Mserbia wa mji wa Novi Sad, ana miaka ishirini na sita. Alianza tenisi kwa kupiga mpira kwenye ukuta nyuma ya kiwanda alichofanya kazi baba yake, na kwa miaka kumi alikuwa akizunguka kuitafuta riziki yake huko: wiki hii Tunisia, wiki ijayo Ureno, wiki ya tatu Uturuki, kwa mabasi na treni, hana kocha wala mwenzake. Kulikuwa na orodha ya wachezaji wa dunia nzima, na yeye alikuwa mbali huko nyuma. Waliomtangulia wangejaza skuli yetu na kiwanja chake. Mimi hilo sikulijali. Kwangu mimi alikuwa bingwa, kwa sababu raketi zake zilikuwa sita na akanikabidhi moja niishike.

Siku ya pili, mezani, alitwambia jambo lake lote. Alikuwa amemwahidi baba yake kwamba kiangazi hiki ndicho cha mwisho. Akishinda mechi tatu hapa Birmingham, pointi zingemtosha kuingia kwenye mchujo wa mashindano makubwa ya London. Siyo mashindano yenyewe, jamani, mchujo tu, mlangoni. Lakini alikuwa amelifukuzia lango hilo tangu akiwa binti mdogo. Asiposhinda, anarudi kwao na raketi anazitundika. Mama aliweka kijiko chini akamwambia: "Utashinda, inshallah. Kwanza ule."

Na kula kwenyewe kulikuwa kichekesho. Milica alimwomba Mama, kwa adabu, ampikie pasta tupu bila chochote, maana ndicho chakula chake kabla ya mechi. Mama akasikia pasta, akaenda dukani akanunua tambi, akazikaanga, akazipika kwa tui la nazi, sukari, iliki na zabibu kavu. Maskini Milica aliitazama ile sahani kwa muda. Akala yote. Kesho yake akashinda mechi yake ya kwanza, na kuanzia hapo hakutaka kingine, tambi asubuhi, tambi mchana. Mama alijiona kocha kabisa.

Kulikuwa pia na suala la kile kisketi. Kifupi, cheupe, mikunjo mikunjo. Mama alikipiga pasi kwa heshima zote, lakini kumtoa nacho barabarani, hapana. Basi kila asubuhi alimfunga kanga kiunoni, na Milica akasimama kituo cha basi Small Heath na kanga yake ya rangi ya machungwa na begi la raketi mgongoni, wazee wanaotoka msikitini wanampungia mkono. Mechi ya pili akashinda pia. Mtaa mzima ulishajua.

Mechi ya tatu ilikuwa Alhamisi. Jirani yetu Mama Furaha, Mkongomani aliyekuja na watoto wake wanne kutoka Bukavu, aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta: "Iko na bantu ya kumushangilia kule?" Mama akamjibu hakuna, miaka yote anacheza peke yake. Mama Furaha akasema: "Bon, mi naye nakwenda." Mama akaomba ruhusa ya saa mbili kazini, akapiga simu skuli kwetu kusema naumwa tumbo. Ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema. Baba alimwonya mlangoni: "Tenisi haishangiliwi hovyo. Watu hunyamaza kama kwenye hotuba ya Ijumaa." Mama akasema, tutanyamaza, sisi si watoto.

Na kweli tulinyamaza. Watazamaji wengine walikuwa watatu tu, mmoja wao anasoma gazeti. Milica alipotuona tumejipanga, mama wawili na vilemba vyao na mimi katikati, alicheka, kisha akaweka uso wa kazi. Alicheza, jamani! Seti moja akachukua, ya pili akapoteza, ya tatu akaongoza mpaka ikabaki pointi moja. Moja tu, awe amefika. Nilikuwa nimemshika Mama mkono.

Milica akapiga mpira mkali kona ya mbali. Yule mpinzani, Mfaransa mmoja mwembamba, akaurukia mpaka akaanguka. Mama akaona mtu yuko chini, akajua imekwisha. Kwetu sisi furaha haisubiri mwamuzi. Akapiga kigelegele, kile cha harusini, na Mama Furaha akakidaka akakipandisha juu. Kumbe yule Mfaransa, wakati anaanguka, aliugusa mpira. Ulikuwa hewani, unarudi taratibu. Milica aliposikia ile sauti akageuka, akashusha raketi, mpira ukampita ukatua ndani ya mstari.

Mwamuzi akampa pointi yule mwingine. Baada ya hapo mambo yakaharibika yote. Mikono ya Milica ikawa mizito, mipira inakwenda wavuni, na ndani ya nusu saa akawa amempa mwenzake mkono na kumpongeza. Mama alikuwa kajifunika uso kwa mtandio. Sijawahi kumwona mama yangu akiwa mdogo namna ile.

Kwenye basi Milica alikaa katikati yetu akamshika bega. "Siyo wewe, Mama. Mkono ulichoka tu." Alilirudia mara tatu, kila mara kwa tabasamu. Jioni aliomba simu yetu ya ukutani, akakwaruza kadi, akampigia baba yake. Alizungumza Kiserbia, neno hatulijui, lakini sote tulijua anasema nini. Jumamosi akaondoka na kanga yake, na tenisi ya mashindano hakuicheza tena.

Watu wa kwetu, Ramadhani ikikaribia, hutafutana kuombana radhi. Mama ana orodha yake kichwani: ndugu, majirani, wifi waliyegombana naye mwaka fulani. Anapiga simu moja baada ya nyingine, na akimaliza, kila mwaka, husema: "Na yule mtoto wa Kiserbia, sijui nimpate wapi." Tulimwambia Mama, alishasema siyo wewe. Mwaka uliofuata akasema vilevile.

Mwaka jana nikamtafuta mtandaoni, nikampata. Anafundisha watoto tenisi kulekule Novi Sad. Nikamwomba aniambie ukweli. Akaniandikia: "Nilimdanganya mama yako. Niliposikia sauti nilidhani mwamuzi wa mstari amesema mpira wangu umetoka. Pointi ile ndiyo iliyonimaliza, na nililia njia nzima mpaka Novi Sad. Lakini kwa miaka kumi hakuna aliyekuja kunitazama mimi. Mlikuja nyinyi."

Nilipomsomea Mama nilitaka kuiruka ile sehemu ya kwanza. Akanikamata. "Soma yote." Nikasoma. Akasema: "Nilijua. Niliuona uso wake alipogeuka. Nipigie, nimwone."

Basi wakaonana kwenye skrini, wote wawili wamevaa miwani. Mama akamwomba radhi. Milica akapunga mkono, ah, hakuna shida, Mama, zamani hiyo! Mama akatikisa kichwa. Hakuna shida siyo kusamehe, alisema, kwetu jambo hilo lina maneno yake. Akamfundisha neno kwa neno, kama mwalimu wa chuoni, na Milica akarudia pole pole, ulimi unamponyoka: "Nimekusamehe. Duniani. Na akhera." Akamuuliza hilo la mwisho maana yake nini, Mama akamweleza, na Milica akalirudia tena vizuri zaidi, machozi yakimtiririka. Mama naye, huku analia, akamwambia: "Na mimi nimekusamehe kwa kunidanganya." Wakacheka mpaka simu ikamponyoka Mama mkononi.

Wanangu walikuwa pale kwenye kochi. Wao wakikoseana hutumiana "soz" kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, samahani ya Kiingereza iliyofupishwa, herufi tatu, bila kunyanyua macho, na wanasema sisi ndio tunaokuza mambo. Nilitaka kuwachamba, nikashindwa. Mama alimtafuta mtu mmoja miaka zaidi ya ishirini bila namba wala anwani. Mimi wapo watu watatu ninaojua fika kwamba niliwakosea, na namba zao zote ninazo kwenye simu.