Maua Niliyomchora Dada Kisiginoni

Kazi yangu ni kushika miguu ya watu. Nimeifanya miaka kumi na moja katika saluni ya wanawake huku ng'ambo, mtaa wa Deira, juu ya duka la jumla la mabegi, na sioni haya kusema kwamba kwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua, wananifuata mpaka wa mji jirani wa Sharjah. Mguu ukishawekwa mapajani mwangu najua mwenyewe anasimama kutwa au anakaa, anavaa viatu vya kubana au kandambili. Ninachokijua sikisemi. Shangazi aliyenifundisha kazi kwetu Unguja alikuwa mkali kwa hilo: anayekupa mguu wake amekupa siri yake, na utakachokiona kisitiri. Gaga, sugu, kovu, kucha iliyooza, vyote vina ua la kuvifunika.

Mguu nilioupamba mara nyingi kuliko yote ni wa dada yangu. Yeye ndiye mkubwa, ndiye aliyetangulia kuja huku, ndiye aliyenipokea. Anasafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Garhoud. Kila Iddi, na kila tukialikwa harusi, alikuwa akija saluni kwa metro, anakaa kwenye mto na kuninyooshea miguu. Kazini kwao hawataki piko mikononi, kwa hiyo yeye alitaka nyayoni tu, ambako soksi inaficha.

Doa lilikuwa kwenye kisigino cha kulia. Mara ya kwanza nililiona likiwa dogo kama punje ya pilipili manga. Nikadhani ni piko ya zamani haijatoka. Nikasugua kwa limau, halikutoka, nikalichorea ua la asumini juu yake na tukaendelea na umbea wetu. Iddi iliyofuata asumini halikutosha, nikachora waridi. Iliyofuata tena, waridi lenye majani. Wala sikuogopa. Nilijisifu jinsi lilivyopotea, nikapiga picha za kuwaonyesha wateja, nikaziweka kwenye simu.

Nimejitetea sana kichwani. Sote tuliamini saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu wanaojianika ufukweni. Na kumwambia mkubwa wako ana doa baya mwilini, kwetu ni kumtoa kasoro. Lakini mdomo ninao, tena mrefu, wenzangu saluni wanaujua. Niliupeleka kwenye kila jambo la dada yangu, mpaka mume aliyemwacha, isipokuwa hilo.

Mwaka jana doa likapasuka, likawa linatoa maji. Alisema kiatu kimemkata. Kisha ukamtoka uvimbe kinenani, mgumu, unashikika kwa vidole. Ndipo tulipokwenda hospitali. Wakakata kinyama wakapima, na daktari, Mmisri mmoja mpole, akatuita. Kiingereza cha dada ni cha kazini tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Ni melanoma, saratani ya ngozi, akasema. Kwa watu weusi hii hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, haina habari na jua. Imeshafika kwenye tezi za kinena.

"Mwambie akate," dada akasema. "Khalas, akate leo."

Daktari akatikisa kichwa. Kwanza dripu mbili za dawa, wiki tatu katikati, ndipo upasuaji. Nikampandishia sauti. Kitu kinamla mtu, naye anasema tukiache kikae? Hakukasirika. Akaeleza kwamba mwili una walinzi wake, na miaka yote hii walinzi hao wamekuwa wakiuona uvimbe na kuupita, kwa sababu uvimbe unajua kuwatuliza. Dawa inawaamsha. Uvimbe ukiwa bado umo mwilini, wanapata cha kujifunzia, ili hata vipande vilivyojificha kwingine wavitambue na kuvishambulia. Tukikata kwanza, tunawanyima somo. Lakini hii ya nyayoni ni kaidi kuliko nyingine, akasema, na yeye haahidi kitu.

Ilinibidi nimfasirie dada hayo yote. Nilipofika kwa walinzi walioona wakapita, nikajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Dada akadhani namlilia yeye, akanipapasa goti.

Daktari akauliza doa lilianza lini na lilikuaje.

"Mwambie sijui," dada akasema. "Kwani nani anatazama nyayo zake?"

Nikafasiri vivyo hivyo: hajui. Simu ilikuwa mkobani mwangu, picha zote zimo.

Dripu ya kwanza alitundikiwa na nesi Mkenya aliyefurahi kupata watu wa Kiswahili. "Mama, ukiharisha hata mara mbili unacall hapa, sawa?" alimwambia. "Usikae nayo home ati ni chakula." Dada hakuharisha. Aliwashwa ngozi mwili mzima na akachoka mno, hata kukunja shuka zake mwenyewe ilikuwa kazi. Mimi nilizidi kuwa mkali kwa wateja. Kila nikishika kisigino cha mtu nilikigeuza kwenye mwanga kwanza, na mmoja alichukia akaondoka. Sikumlaumu. Kabla ya dripu ya pili, uvimbe wa kinenani ulikuwa umelainika kidogo. Nikashukuru Mungu na bado sikusema.

Upasuaji ulifanyika. Walimtoa tezi za kinena na sehemu ya kisigino, wakamwekea ngozi ya paja. Siku ya majibu alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mito. Daktari akasema dawa imefanya kazi: sehemu kubwa ya uvimbe ilikutwa imekufa, lakini zimebaki seli zilizo hai. Ataendelea na dripu, na sote tungoje. Hayo nilimfasiria. Kisha, akiwa mlangoni, akaongeza kwamba angelikuja mapema, pengine wangekata kipande kidogo tu na mambo yakaisha.

"Kasema nini?" dada akauliza.

Ningeweza kumwambia katuaga. Nikatoa simu, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kumwonyesha. Asumini. Waridi. Waridi lenye majani. Alizipitisha kwa kidole moja moja, akarudi ya kwanza.

"Nililiona mimi, dada," nikasema. "Tangu dogo. Nikalichorea. Nisamehe."

Nilitaka anitukane. Matusi anayo, tena ya kwetu yale, na nilistahili yote. Akaiweka simu kifuani.

"Na mie nililiona," akasema.

"Si ulimwambia daktari hujui?"

"Ningesemaje mbele yako?" Alitazama mguu wake uliofungwa bendeji. "Nilikuwa naogopa hospitali. Naogopa wakijua kazini watanirudisha kwetu. Nikasema nitampelekea mdogo wangu, miguu ya watu ndiyo kazi yake. Kila Iddi nilikuwa nakunyooshea mguu, nakutazama uso. Naiambia roho yangu, likiwa baya atasema."

"Dada..."

"Ukainama, ukachora, huku unacheka. Basi nikavaa soksi zangu nikarudi kazini."